Krismasi Ambayo Mjomba Hakuchinja

Jumatatu, 8 Desemba

Nyani wameiba tena mkate dirishani. Mmoja akabaki amekaa juu ya bati ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kumwibia. Nimemrushia ndala. Nyani kaondoka, ndala iko juu ya bati.

Kazini kawaida. Gesti yetu haina watalii msimu huu, ni madereva wa malori tu, na dereva wa lori anataka wali mwingi na asiulizwe maswali. Nimepika maharage, mchicha, nyama kidogo. Saa za jioni nimerudi nyumbani nikaanza kupanga Krismasi.

Mwaka huu si wa kubabaisha. Neema wangu anamleta mchumba wake pamoja na wazazi wake kutoka Morogoro. Baba wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu. Mama yake ni mtu wa kwaya, mtu wa vitambaa vyeupe mezani. Hawaji kula tu hao, wanakuja kuangalia binti wanayemtaka katoka nyumba gani. Mimi ninapikia watu kwa mshahara, sasa chakula cha kwangu mwenyewe kikiharibika nitauweka wapi uso?

Pilau. Wali mweupe kwa wasiopenda viungo. Mchuzi wa mbuzi. Kuku wa kienyeji. Mchicha wa nazi. Ndizi. Kachumbari ya mwisho mwisho isije ikachuja maji. Yote naona sawa, ila kwenye mbuzi nimekwama.

Jumatano, 10 Desemba

Mbuzi wetu wa Krismasi huchinjwa na Mjomba Salumu. Sijawahi kuona Krismasi ya namna nyingine.

Mama alizaliwa Mwislamu. Akaolewa na baba, akabatizwa, ukoo wake ukanuna. Mjomba ndiye mdogo wake wa pekee na harusini hakuja. Mama alilia siku ile, alinisimulia. Halafu Krismasi ya kwanza ya ndoa yao Mjomba akatokea mlangoni na kisu chake kwenye kitambaa. Akasema mbuzi wa dada yake atamchinja yeye, ili na yeye apate kula. Basi. Hakuna kikao kilichoitwa, hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Toka hapo anakuja kila mwaka, mama akiwa hai na mama akiwa kaburini. Anatoka kwake Magomeni, Kilosa, anafika kwetu Mikumi mkesha wa sikukuu. Asubuhi sisi tunakwenda misa, tukirudi anachinja. Kisha anachoma maini mwenyewe kwenye mkaa, anatia chumvi na ndimu, anawalisha watoto mmoja mmoja kwa mkono wake. Sufuria haifunuliwi kabla ya maini. Hata mimi na mvi zangu napanga foleni na kufungua mdomo.

Lakini mwaka jana. Mikono ilimtetemeka. Kisu kikamponyoka, kikaanguka mchangani. Akakiokota, akakiosha, akaanza upya, na mbuzi anapiga kelele muda wote huo. Jirani mmoja akacheka. Mimi niliangalia pembeni.

Sitaki kuangalia pembeni mbele ya wakwe.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimepata dawa. Nyama nitaichukua buchani. Bucha zote hapa Mikumi wachinjaji ni Waislamu, kwa hiyo Mjomba atakula bila wasiwasi. Atakuja, atakaa kwenye kiti na kanzu yake safi, ataongea na wageni, atakula, atalala. Mzee wa umri ule kwa nini ahangaike na mbuzi?

Nimemweleza Baba Neema. Mume wangu si mtu wa maneno, na leo katoa machache tu. Kasema mpigie Mjomba umwambie mapema, asije akafika ndipo ajue. Nikamwambia nitapiga. Akaniangalia. Hapendi nikisema nitafanya bila kusema lini.

Jumanne, 16 Desemba

Nimempigia Zuhura badala yake. Zuhura ni binti wa Mjomba, tumelelewa kama mapacha, tumegombana kama mapacha. Anakaa palepale Magomeni na mumewe Shabani, ukuta kwa ukuta na Mjomba. Nikamwomba amfikishie baba yake taarifa kwa upole.

Kakataa. "Dora, mdomo unao. Mwambie mwenyewe."

Halafu akasema mwaka huu nimwache tu achinje. Nikamuuliza kwa nini. We mwache tu, dada. Nikamuuliza tena, akasema vitumbua vinaungua, akakata simu. Zuhura toka utotoni akikosa hoja kuna kitu kinaungua.

Nimekasirika. Yeye haji kukaa na mwalimu mkuu mstaafu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemwambia jirani yetu Msukuma kwamba mwaka huu mbuzi wake sichukui. Kashangaa. Alikuwa ameshanitengea beberu mwekundu, mnene. Nikamwambia mambo yamebadilika. Akauliza kama kuna msiba.

Jioni nikampigia Mjomba. Shikamoo Mjomba. Marahaba mama. Huwa ananiita mama, anasema nimechukua sura ya dada yake. Akaniuliza mvua ikoje huku. Nikamuuliza mto Mkondoa umejaa kiasi gani. Akaniambia mahindi ya bondeni yamelowa miguu. Akasema kisu ameshakinoa. Nikasema eeh.

Eeh! Mtu mzima mimi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa nikayameza. Nitamwambia Jumatatu.

Jumanne, 23 Desemba

Jumatatu imepita. Kazi nyingi.

Nyama nimechukua, iko kwenye friza ya gesti. Nzuri, haina mafuta mengi, nimechagua mwenyewe mguu na mbavu. Muuza bucha kanikatia vipande sawasawa kama nilivyotaka. Hakuna damu uani, hakuna nzi, hakuna ngozi ya kuanika. Neema amefika na kitambaa cha meza. Wajukuu nao wamefika na mama yao, dada yake Neema, wanakimbizana na kuku ambaye hajui kesho yake.

Nyumba inanukia iliki. Nilijisikia vizuri leo, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 24 Desemba

Mjomba amefika alasiri na matope mpaka magotini. Basi lilikwama njiani, abiria wakashuka kusukuma, na yeye akasukuma. Nikampa maji ya kunawa. Shikamoo, marahaba, habari za huko, njema. Wajukuu wakamrukia.

Akaomba ndoo ya maji. Nikadhani anataka kuosha viatu. Akaibeba ndoo mwenyewe, akazunguka nyuma ya nyumba kumnywesha mbuzi. Huwa anafanya hivyo kila mwaka, anasema mnyama asichinjwe na kiu. Mimi nilisahau. Nilisahau kabisa.

Nilimfuata nikamkuta amesimama na ndoo, anatazama kigingi kisicho na kamba. Akageuka akaniuliza mbuzi wamemfunga wapi.

Ndipo nikamwambia. Nikasema haraka haraka, nikachanganya afya yake, na safari, na matope, na wageni, na bucha ya Waislamu. Nikasema tumeona upumzike, Mjomba. Tumeona. Kana kwamba kulikuwa na baraza.

Akasema ahaa. Akasema umefanya vizuri mama, usumbufu wa nini. Akaimwagia maji migomba, taratibu, yote, akaweka ndoo chini. Kisha akatoka mpaka barabarani kupiga simu. Nilimwona anaongea na simu sikioni, mgongo kwangu. Nikadhani alitoka kufuata mtandao.

Jioni alicheza na watoto. Alikula uji. Hajakasirika. Nadhani hajakasirika.

Alhamisi, 25 Desemba

Chakula kilikuwa kizuri. Wacha niandike hilo kwanza kwa sababu ndilo nililolitaka. Pilau ilichambuka. Mchuzi mzito. Mama wa kwaya aliongeza mara mbili na akaniomba nimfundishe mchicha.

Mjomba alivaa kanzu na koti. Aliwakaribisha wageni vizuri kuliko mimi. Mwalimu mstaafu akamuuliza habari za Kilosa, za reli, za mpunga, na Mjomba akamjibu kwa utulivu mpaka nikaona fahari. Kisha nikampakulia. Akasema jino linamsumbua, aongezewe mchicha. Amekula wali mweupe na mchicha. Nyama hakuigusa. Jino gani? Jana katafuna muwa na watoto.

Mjukuu wangu mdogo akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, babu maini yako wapi. Mjomba akacheka akasema mwaka huu mbuzi alizaliwa bila maini. Watoto wakacheka sana. Mimi nilikwenda jikoni nikashika sinki.

Bado kuna kubwa zaidi. Wageni walipokuwa wanaaga, yule mwalimu akaniambia pembeni kwamba Neema aliwasimulia habari za Mjomba anayechinja na kulisha familia maini kwa mkono. Akasema walitamani sana kuona jambo lile. Akasema familia zenye kitu kama hicho zimebaki chache. Alisema kwa adabu tu, hakujua anasema nini.

Kumbe mwanangu alikuwa ananitangaza kwa kile nilichokuwa nakificha.

Mjomba ameondoka leo hii hii. Hajawahi kuondoka siku ya sikukuu, hukaa siku tatu, nne. Kasema ana mgonjwa wa kumjulia hali Kilosa. Baba Neema kamsindikiza stendi. Mimi nikamfungia pilau kwenye hotipoti na nyama juu. Ameipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Ijumaa, 26 Desemba

Hotipoti imeletwa na dereva wa bodaboda wa stendi. Mjomba aliwagawia pilau yote wapiga debe, wakala wakashiba, wanashukuru.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu gani! Haya yangu yamekuja kabla sahani hazijaoshwa.

Neema haongei na mimi. Anajibu tu. Ndiyo mama. Hapana mama. Nimemwambia kama una neno sema. Kasema hana. Nimepiga simu ya Mjomba, inaita, haipokelewi. Nyama iliyobaki ni nyingi. Hakuna anayeitaka.

Jumapili, 28 Desemba

Zuhura kaandika ujumbe. Baba alifika salama. Hakuna salamu, hakuna dada, hakuna kicheko.

Neema ameondoka. Mlangoni kanikumbatia, akasema mama ungeniuliza.

Jumamosi, 10 Januari

Nimekwenda Kilosa. Sikumwambia mtu, nilipanda basi la asubuhi. Barabara mbovu, mashimo yamejaa maji, nikasema na iwe hivyo, nastahili.

Mjomba alikuwa barazani. Akasimama kunipokea. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, maana Mjomba huwa hainuki kwa ajili yangu, mimi ni mtoto kwake. Akaita niletewe kiti. Kiti cha sebuleni, chenye kitambaa. Akaagiza soda dukani. Nikasema niende jikoni kwa Zuhura nikamsaidie, akasema hapana, keti mama, utachafuka. Chakula kikaletwa kwenye trei, na kijiko, na maji ya kunawa kwenye birika, nikamiminiwa kama hakimu. Nyumba ile nimeishikia ufagio toka nina miaka sita. Chungu cha nyumba ile najua kimepasuka wapi.

Hakuna aliyenikosea. Hakuna neno baya hata moja. Ningetukanwa ningepona.

Nikasema nilichokuja kusema. Nikasema Mjomba, samahani kwa ile siku, nilifikiria afya yako. Akasema hamna neno. Akasema afya kweli ni muhimu. Soda ilikuwa ya moto.

Nilidanganya tena. Nimesafiri kote kule kwenda kuomba radhi nikaomba kwa uongo. Haikuwa afya yake. Nilimwonea haya. Niliionea aibu mikono iliyonilisha. Hata hapa naandika kwa shida.

Jumatano, 14 Januari

Zuhura amepiga. Nilikuwa namenya viazi gestini, nikaviacha.

Alikuwa na hasira, na hasira ya Zuhura haipigi kelele. Akasema, Dora, nilikuwa nimekatazwa kusema ila sasa naona hukuelewa kitu. Baba mwenyewe alijua mikono imekwisha. Toka siku kisu kilipoanguka alijua, hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa ameamua Krismasi hii iwe ya mwisho. Angechinja, angechoma maini, angelisha watoto, halafu angesimama mbele ya watu wote na wakwe wakiwepo aseme kazi ya dada yake ameifanya mpaka mwisho, sasa anamkabidhi Shabani. Alimfundisha Shabani dua na namna ya kumlaza mnyama asiumie. Alishona koti kwa ajili hiyo. Shabani angepanda basi asubuhi ya sikukuu, iwe kama ghafla.

Ile simu ya barabarani. Alikuwa anamwambia Shabani asije.

Nimeuliza na sasa Shabani je? Kasema Shabani ameapa haendi mahali wasipomhitaji. Na kisu baba amempa jirani anayechinja kuku. Zuhura akasema alinipa dokezo siku ile kadiri alivyoweza. Kweli alinipa. Mimi nikaona vitumbua.

Ningesubiri kidogo tu. Kitu nilichokitaka kilikuwa kinakuja chenyewe, kimevaa kanzu na koti jipya, nikaenda kukinyang'anya buchani.

Viazi vimekuwa vyeusi. Nimevipika hivyo hivyo, madereva wamekula.

Jumapili, 22 Februari

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimeanza pamoja. Mikumi nzima imefunga, kila mtu kwa sababu yake. Gestini mchana natazama sufuria na sufuria inanitazama. Wapishi wenzangu wawili wana swaumu, mimi nina Kwaresima yangu, tunaonja chumvi kwa kukisia.

Padri kahubiri habari ya kupatana kabla ya kuleta sadaka. Nilitaka kutoka nje. Nilihisi Baba Neema ananitazama, kumbe anasinzia.

Mwezi huu ndio Mjomba huwa anapiga simu. Idi ni zamu yetu. Mama alikuwa anakwenda kwa mdogo wake siku mbili kabla ya Idi kumpikia pilau, na alipofariki nikachukua mimi mwiko. Wao wanachinja kwetu, sisi tunapika kwao. Mjomba hupiga akasema njooni mapema, Zuhura ataunguza.

Hajapiga. Bado mapema, lakini.

Jumapili, 8 Machi

Hajapiga.

Nimenunua iliki, mdalasini, binzari nyembamba. Nimezichambua, nimezikaanga, nimezisaga. Sijui nasaga kwa ajili ya nani. Nyumba inanukia sikukuu ya watu wengine.

Neema kapiga simu, ameanza kuongea na mimi kama zamani, namshukuru Mungu. Akauliza Idi mnakwenda? Nikasema hatujaitwa. Akasema mama, bibi alisubiri kuitwa? Mjomba alisubiri kuitwa ile Krismasi ya kwanza? Nikamwambia kuna kitu kinaungua jikoni.

Jumamosi, 14 Machi

Naogopa. Naandika ili nijue. Naogopa nikifika nitawekewa kiti kile tena, na nikiwekewa mara ya pili nitakuwa mgeni moja kwa moja. Mjomba ndiye mtu wa mwisho aliyebaki ambaye kwake mimi ni mtoto. Akinipoteza yeye ana Zuhura, ana wajukuu, ana msikiti. Mimi nikimpoteza sina pengine pa kuwa mtoto.

Na nisipokwenda ndiyo nimekwisha kumpoteza. Baba Neema kasema nenda. Basi nakwenda.

Jumatano, 18 Machi

Nipo Kilosa. Naandika chumbani kwa Zuhura, mlango umerudishwa.

Nilifika mchana wa joto. Mjomba alikuwa kwenye mkeka ukumbini, ana swaumu, midomo imekauka. Akaanza kuinuka. Nikamwahi, nikapiga magoti kabla hajasimama, nikaanza kusema pale pale mlangoni, kikapu bado kiko mkononi. Nilijua nikikalishwa kwenye kiti nitadanganya tena.

Nikasema Mjomba, haikuwa afya yako. Nilikuonea haya. Nilikuonea haya kwa sababu ya mikono, mbele ya wakwe. Nikasema hivyo hivyo, bila kupamba.

Kisha akasema, "Nilijua, mama. Nilijua pale kwenye kigingi."

Akasema mwenyewe alikuwa anajionea haya toka mwaka jana, ndiyo maana alitaka kuaga kwa heshima. Akasema kilichomuuma si nyama ya bucha. Kilichomuuma ni kwamba alisukuma basi kwenye matope akiwa na furaha. Hapo mimi nililia, sina haja ya kuficha hapa.

Nikamuuliza kama atachinja tena. Hapana, hilo limekwisha. Na Shabani? Shabani ni mtu mzima, hamlazimishi. Na kuja Krismasi, kula tu? Akasema tukijaaliwa. Tukijaaliwa ya Mjomba naifahamu, si ndiyo wala si hapana.

Kwa hiyo sijarudishiwa. Nimesamehewa, nadhani. Nilikuwa nafikiri ni kitu kimoja.

Nikaenda jikoni bila kuuliza. Hakuna aliyenizuia. Zuhura alikuwa anachambua mchele, akanisogezea ungo bila kusema kitu. Baadaye kidogo nikaona beseni la perege limefunikwa kwa jani. Nikauliza hawa wa nani, Idi na samaki wapi na wapi? Zuhura akasema ni wako. Nikashangaa. Akasema toka wiki iliyopita baba alihesabu, akaona Idi inaweza kuangukia Ijumaa, akasema Dora yuko Kwaresima, Ijumaa hali nyama, mtafutieni samaki asije akakaa na wali mtupu mbele ya watu.

Nikachukua kisu nikaanza kupara magamba.

Alhamisi, 19 Machi

Watu wanasubiri mwezi. Ukionekana leo, Idi ni kesho. Viungo tayari, kitunguu nimekata cha kutosha kijiji kizima. Zuhura kaenda sokoni na Shabani. Shabani amenisalimia, mkavu lakini amenisalimia.

Alasiri Mjomba ametoka kuoga akakaa kwenye mkeka barazani. Ana wembe mpya kwenye karatasi yake. Alitaka kujikata kucha kwa ajili ya Idi. Nilimwona anajaribu cha kwanza, wembe ukacheza, akauweka chini. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwa na mwiko. Safari hii sikuangalia pembeni.

Akaniita. Mama, njoo unikate hizi kucha.

Nikaketi mkekani. Akanipa mkono wake wa kulia, ule wa kazi. Ni mzito kuliko nilivyodhani, ngozi ngumu kiganjani. Unatetemeka kutoka ndani, si vidole tu. Nimeushika kwa mkono wangu wa kushoto. Ukitetemeka nasubiri. Ukitulia nakata kidogo. Nasubiri tena.

Imechukua muda mrefu. Hakuwa na haraka, na mimi sikuwa nayo. Tulipomaliza mkono wa kulia akanipa wa kushoto.